Mishale ya Fedha: Mhadhara juu ya Kumiliki Magari ya Mashindano Yenye Historia ya Vita

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie wakusanyaji wa magari ya kale, na kwa kuwa uwanja huo ni mpana, nitajibana kwenye kundi moja dogo, ambalo ndilo linalogombewa sana na ndilo linalonisumbua zaidi: magari ya mashindano yaliyoundwa Ujerumani kati ya mwaka 1934 na 1939, yale yanayoitwa Mishale ya Fedha.

Tarehe 3 Septemba 1939, siku ambayo Uingereza na Ufaransa zilitangaza vita dhidi ya Ujerumani, palifanyika mashindano ya magari katika mitaa ya Belgrade. Yalishiriki magari 5 tu: mawili ya Mercedes-Benz, mawili ya Auto Union, na Bugatti moja ya mwenyeji ambayo wakati wake ulikuwa umekwisha kupita. Hermann Lang wa Mercedes alirukiwa na jiwe lililovunja kioo cha miwani yake, akampisha Walter Bäumer aendeshe badala yake. Aliyeshinda ni Mwitaliano mmoja mfupi, mkongwe wa fani, Tazio Nuvolari, akiendesha Auto Union ya aina ya D. Mbio zilipokwisha, hapakuwa na msimu mwingine wa kuusubiri, na magari yakarudishwa kwao.

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili hapa, na safari hii naona imetenda haki. Fedha ni madini meupe yanayong'aa, na fedha ni pesa. Magari haya yaliitwa ya fedha kwa sababu ya rangi yake. Alumini tupu au rangi ya kijivu inayometa. Ipo hadithi kwamba mwaka 1934 meneja wa Mercedes, Alfred Neubauer, aliamuru rangi nyeupe ikwanguliwe usiku kucha ili gari lisizidi kilo 750 zilizoruhusiwa. Ni hadithi tamu, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka, lakini imesimuliwa mno hata haiwezi tena kung'olewa. Maana ya pili ya fedha husimuliwa mara chache zaidi. Baada ya Hitler kutwaa madaraka mwaka 1933, serikali yake iliamua kutoa ruzuku kwa kampuni zitakazoipatia Ujerumani ushindi katika mbio kubwa za Ulaya, na ruzuku hiyo ikagawanywa kati ya Mercedes-Benz na Auto Union. Madereva waliwekwa chini ya chama cha wenye magari cha Wanazi, kilichoongozwa na Adolf Hühnlein. Bernd Rosemeyer, kipenzi cha umma, alipewa cheo katika SS, kikosi cha kijeshi cha chama cha Wanazi, na alipofariki tarehe 28 Januari 1938 akijaribu kuvunja rekodi ya mwendo katika barabara kuu kati ya Frankfurt na Darmstadt, msiba wake ukageuzwa kuwa hafla ya dola. Hata Mwingereza Richard Seaman, aliyeshinda mbio kuu za Ujerumani mwaka huo huo kwa gari la Mercedes, alinyanyua mkono jukwaani kwa salamu ya Kinazi kama walivyonyanyua wengine.

Tulitazame gari lenyewe kwa karibu, kwa maana asiyeuona uzuri wake hataelewa kwa nini watu wazima wenye akili zao wako tayari kufilisika kwa ajili yake. Auto Union aina ya D ya mwaka 1939 ina injini ya silinda 12 yenye ukubwa wa lita 3 tu, lakini kwa msaada wa kompresa mbili inatoa takribani nguvu za farasi 485. Injini hiyo haiko mbele, kama ilivyokuwa desturi ya enzi zile. Iko nyuma ya mgongo wa dereva. Dereva mwenyewe amebanwa kati ya matangi mawili ya mafuta, moja kulia na jingine kushoto, hana mkanda, na kichwani ana kofia ya kitambaa. Anaushika usukani mkubwa mbele ya kifua, huku matairi, ambayo kwa macho ya leo ni membamba ajabu, yakijaribu kuufikisha uwezo wote huo barabarani. Iliwachukua wabunifu wengine miaka karibu 15 baada ya vita kukubali kwamba injini ikae nyuma ya dereva. Kwa hiyo mkusanyaji anayesema kwamba gari hili ni kilele cha uhandisi wa zama zake anasema kweli, na mimi sina ubishi naye.

Ubishi wangu unaanzia hapo anaponyamaza.

Auto Union ilizaliwa Saxony mwaka 1932 kwa kuunganishwa kampuni nne, yaani Audi, DKW, Horch na Wanderer, na ndiyo asili ya duara nne tunazoziona leo kwenye Audi. Magari ya mashindano yalitengenezwa Zwickau. Vita vilipopamba moto, magari hayo yalifichwa katika eneo la mgodi karibu na mji huo ili yasidhurike. Viwanda, kwa upande mwingine, vilifanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya jeshi, na mwaka 2014 utafiti wa wanahistoria wawili, uliogharimiwa na Audi yenyewe, ulieleza ni nani waliokuwa wakifanya kazi hiyo. Zaidi ya watu 20,000 walitumikishwa kwa shuruti. SS iliijengea kampuni hii kambi saba za mateso, zilizowafunga watu wapatao 3,700. Na huko Leitmeritz, mji ulioko leo katika Jamhuri ya Cheki na unaoitwa Litoměřice, wafungwa walisukumwa ndani ya machimbo ya mawe ya chokaa ili wachimbe na kuendesha kiwanda cha chini ya ardhi cha kutengeneza injini za vifaru. Utafiti ulisema kwamba kampuni ina dhamana ya kimaadili kwa vifo vya watu wapatao 4,500 mahali hapo. Aliyeongoza kampuni, Richard Bruhn, alikuwa ameheshimiwa miaka yote kama baba wa Auto Union. Baada ya ripoti, jina lake liliondolewa kwenye mfuko wa pensheni wa Audi.

Naomba muyaweke mashimo hayo mawili pamoja akilini. Katika moja, kampuni ilihifadhi magari. Katika jingine, kampuni hiyo hiyo ilimaliza watu.

Jeshi la Kisovieti lilipofika, liliyachukua magari kama fidia ya vita, likayatawanya katika taasisi na viwanda vya utafiti, ambako mengi yalifunguliwa, yakachunguzwa na kuishia kuwa vyuma chakavu. Hapa lazima niwape wakusanyaji haki yao, kwa sababu bila ukaidi wao tusingekuwa na la kuzungumza. Mwaka 1976, Viktors Kulbergs wa Latvia alipata habari kwamba katika kiwanda cha ZIL huko Moscow kuna Auto Union ya silinda 16 inayosubiri kukatwakatwa. Aliliokoa, akalipeleka Riga. Baadaye Audi ikalichukua gari hilo asilia na kuliachia jumba la makumbusho la Riga nakala iliyoundwa kwa ustadi mkubwa. Mmarekani Paul Karassik naye alitumia miaka mingi kufuatilia vipande vya aina ya D ndani ya Umoja wa Kisovieti, huku injini, huku chesisi, akavitoa kimoja kimoja, kisha mafundi wa Kiingereza wakaviunganisha na kuunda upya mabodi yaliyopotea.

Mwaka 2007, moja ya magari hayo lilipangwa kupigwa mnada na Christie's huko Paris, na ilitarajiwa kwamba lingevunja rekodi ya bei. Siku chache kabla ya mnada likaondolewa. Sababu? Palizuka shaka kama chesisi hiyo ndiyo kweli iliyokimbia mbio zilizotajwa katika maelezo ya mauzo. Sisi wote hapa tumewahi kununua gari lililotumika, na tunajua utaratibu: unaomba kadi, unalinganisha namba ya injini na namba ya chesisi, unauliza kama liliwahi kupinduka. Wenye mamilioni nao hufanya vivyo hivyo, na wanafanya vyema. Linalonishangaza ni kwamba shaka ya namba moja ya chesisi iliweza kuusimamisha mnada mkubwa kuliko yote, ilhali vifo vya watu wa Leitmeritz havijawahi kuuchelewesha mnada wowote hata kwa dakika moja.

Najua jibu, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi: gari ni chuma, chuma hakina chama, na gari la mwaka 1939 haliwezi kuhukumiwa kwa yaliyotendeka mwaka 1944. Sehemu ya mwisho ya hoja hiyo ina uzito. Wafungwa wa Leitmeritz hawakuunda aina ya D. Lakini mkusanyaji hanunui chuma. Angekuwa ananunua chuma, nakala ya Riga ingemtosha, maana inanguruma vilevile na inang'aa zaidi. Analipa kwa ajili ya Nuvolari, kwa ajili ya Belgrade, kwa ajili ya mkono uliowahi kuushika usukani ule. Ananunua historia, na ukishanunua historia kwa jumla huwezi kuiuza kwa rejareja, ukitoa ushindi na kubakiza ruzuku stoo.

Chukueni BMW 328 iliyoshinda mbio za Mille Miglia za mwaka 1940, zilizofanyika Brescia tarehe 28 Aprili, wakati Poland imekwisha kukaliwa na majeshi ya Ujerumani. Madereva walikuwa Huschke von Hanstein na yule yule Walter Bäumer wa Belgrade. Katika picha za siku ile, von Hanstein amevaa ovaroli jeupe lenye alama ya SS kifuani. Ni picha nzuri ya gari zuri, lenye paa laini kama kijiwe cha mtoni. Kila mara ninapokutana na picha ya ushindi ule katika kitabu cha mapambo, huangalia kwanza imekatwa wapi. Ikiishia shingoni, najua mhariri alikuwa na mkasi.

Kuna suala jingine ambalo si la dhamiri tu, ni la sheria. Tarehe 3 Desemba 1938 Wayahudi wa Ujerumani walinyang'anywa leseni za udereva na haki ya kutumia magari, na magari yao yakapita mikononi mwa watu wengine kwa bei ya kutupa. Kisha mwaka 1945 washindi nao wakajichukulia walichotaka. Mercedes 500K moja, ambayo si gari la mashindano lakini mfano wake unafaa, iliuzwa mnadani California mwaka 2011. Mwaka uliofuata ilipofikishwa kwenye maonyesho ya Essen ikakamatwa kwa amri ya mahakama, kwa sababu ilikuwa imechukuliwa baada ya vita kutoka kwa familia ya mwenye kiwanda, Hans Prym. Mnunuzi alikuwa ametoa mamilioni ya dola. Kwa hiyo pengo la kati ya mwaka 1933 na 1946 katika kadi ya gari si jambo la kupitishwa kwa tabasamu la dalali.

Msidhani haya ni ya mbali mno na kwetu. Zwickau ilipobaki upande wa Kisovieti, Auto Union iliundwa upya Ingolstadt, na mwaka 1956 gari lake dogo la DKW, lenye injini ya mipigo miwili, lilishinda mbio za Coronation Safari zilizopita katika vumbi na tope la Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee waliosimama kando ya barabara waliziona duara nne zikipita. Hakuna aliyewaambia zilikotoka, na sioni kwa nini wangeambiwa siku ile. Anayelimiliki gari kama hilo leo na kulipeleka kwenye maonyesho hana kisingizio hicho.

Nikiulizwa ninachotaka, sitaki magari haya yasagwe wala yafungiwe. Yaendeshwe, yasikike. Ninachotaka ni kibao kinachosimama mbele yake kiandikwe upya. Vibao huandika mwaka, silinda, nguvu za farasi, dereva na ushindi. Mimi ningeanza na jina la Adolf Rosenberger, ambalo wapenzi wengi wa Auto Union hawalijui. Alikuwa Myahudi wa Pforzheim, dereva wa mashindano aliyewahi kuendesha gari la Benz lenye injini nyuma ya dereva, wazo lile lile lililokuja kuipatia Auto Union sifa zake. Mwaka 1931 alikuwa mmoja wa waanzilishi watatu wa ofisi ya Ferdinand Porsche, tena ndiye aliyetoa pesa na kutafuta pesa, na ofisi hiyo ndiyo iliyobuni gari la silinda 16. Mwaka 1935 hisa zake zilichukuliwa kwa thamani iliyoandikwa kwenye karatasi tu, na mwaka huo huo akakamatwa na kufungwa katika kambi ya Kislau. Alipoachiwa aliihama nchi yake, akafika Marekani, akabadilisha jina na kujiita Alan Robert.

Baada ya vita alidai haki yake mahakamani. Shauri lilimalizika mwaka 1950 kwa mapatano. Alilipwa marki 50,000 pamoja na gari moja, naye akachukua Volkswagen.