Patna Wako Asikuonee Huruma

(Mazungumzo na vijana na kina mama, Tanga mjini)

Haya jamani asalaam alaykum, sogeeni huku kivulini, nyie wa nyuma mnanisikia? Poa. Leo sijaja kuonyesha mateke ya kwenye muvi, nimekuja kuongelea huyu mtu unayefanya naye zoezi la kujihami, patna wako, maana kwa mtazamo wangu huyo ndo anakufundisha kuliko hata mwalimu, na huyohuyo ndo anaweza kukudanganya miaka na miaka.

Angalieni zoezi la roba, ile kabali ya kutokea nyuma, linavyofanywa klabu nyingi. Jamaa anakuja nyuma, anaweka mkono shingoni kistaarabu kabisa, anasubiri. Wewe unamshika, unageuka, anaanguka mwenyewe hata hujamvuta, watu wanapiga makofi. Sasa kibaka wa uchochoroni usiku atakusubiri? Yule anakukaba huku anakuvuta nyuma miguu ikose pa kukanyaga, mwenzie yuko mbele anapekua mfuko, kelele juu, toa simu toa simu! Na roba ikikaa sawasawa inabana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo, sekunde kama 10 hivi unazima, huna muda wa kukumbuka hatua ya tatu ilikuwa ipi.

Kwa hiyo mnaanza polepole, nguvu kidogo, mpaka mwili uzoee: kidevu kishuke kwenye kiwiko chake, mikono yote miwili iuvute ule mkono upate hewa, kiuno chini, mengine yafuate. Ukishaweza, mwenzio aongeze, akubane kweli, akuvute. Baadaye asikwambie anakuja saa ngapi, unatembea zako simu sikioni mara unashtukia mkono. Halafu kuna hatua wengi wanaikwepa, mkabaji naye aruhusiwe kushinda. Ndiyo, kushinda! Kama wewe unachomoka kila mara, hayo ni maigizo. Ila ukimgonga mara mbili kwa mkono, yaani umeshindwa, anaachia papo hapo, hilo halina mjadala, na asiyeachia hafanyi tena zoezi na mtu.

Na haya si mambo mapya wala si yangu. Jigoro Kano, Mjapani, alipoanzisha judo mwaka 1882 pale Tokyo, aliichukua jujutsu, mapigano ya Kijapani ya zamani, mbinu za kupiga na zile za hatari zaidi akaziacha kwenye kata, yaani mazoezi ya hatua zilizopangwa, akabakisha za kurusha na kukaba ambazo watu wanaweza kuvutana kwa nguvu zao zote bila kuumizana ovyo, hiyo ndo randori. Kuna wanaosema aliipunguza makali. Mi naona kinyume kabisa, mbinu ya hatari ambayo hujawahi kuijaribu kwa mtu anayekugomea, hiyo huijui, unaisimulia tu.

Kisu sikai sana. Mmoja ashike maka peni, mwingine avae fulana nyeupe mbovu, mwenye peni asichome mara moja akauacha mkono umeganda hewani kama sanamu, achome arudishe achome tena. Baada ya nusu dakika tazameni ile fulana. Mtu akiona ile michoro haulizi tena kwa nini tunasema mwenye kisu apewe simu yake aende.

Dada zangu, hili nalisema sana, msizoee trakisuti tu. Njooni na dera, baibui, hizohizo ndala mnazovaa kwenda sokoni. Teke la juu ndani ya baibui halipo, ila goti lipo, kiwiko kipo, na mtandio ukivutwa hiyo ni kabali tayari, patna ajaribu na hilo, lakini taratibu jamani. Na asiwe shoga yako wa kimo chako kila siku, mtafute kaka mzito akushike uone ilivyo.

Bwana pale kauliza, je tukiumizana? Spidi na nguvu msiviongeze pamoja. Siku ya nguvu spidi ishuke, siku ya spidi mguso uwe mwepesi, kinga ya meno mdomoni, na kwa kuangushana bora mchanga wa ufukweni kule Raskazone kuliko hii sakafu ya saruji.

Haya, pete, saa, hereni, pini za mitandio, vyote kwenye begi. Wawili wawili, na mwenye makucha nina kikatio hapa, apite kwangu kwanza.