Salamu Kwanza, Kamera Baadaye
(Mhadhara kwa wanafunzi wa utalii na waongoza watalii, Kisumu)

Mwenyekiti, walimu, wanafunzi, na ninyi wenzangu wa boti mlioacha kazi asubuhi hii mkaja: oyawore, habari za asubuhi.

Mmeitikia ukumbi mzima. Hapo ndipo ninapotaka kuanzia.

Nimeombwa nizungumzie utalii endelevu. Mambo ya mazingira, uchumi na jamii mmeshayasoma darasani, sitayarudia. Mimi nitazungumzia salamu. Wanaonijua wanajua nimelisema jambo hili Homa Bay, nikalisema Kakamega, na nitaendelea kulisema mpaka ratiba za safari zibadilike.

Ratiba zenyewe mnazijua. Saa mbili asubuhi, hifadhi ya swala pale mjini. Saa tatu na nusu, viboko Hippo Point. Saa nne, Dunga, ufuo wa wavuvi. Saa nane, Kit Mikayi. Saa kumi, Kogelo kwa akina Obama. Jioni samaki, kisha uwanja wa ndege. Mgeni amefikishwa mahali patano kwa siku moja na kila mtu anapiga makofi. Sasa mwulize akutajie jina la mtu mmoja aliyezungumza naye. Hana. Na huyo ametoka nchi ya mbali, amelipa pesa nyingi, na tumemrudisha kwao bila kumkutanisha na binadamu yeyote.

Nilikuwa mwanzo mwanzo wa kazi hii nilipopeleka wageni kumi na mmoja Dunga. Ilikuwa siku za giza. Watu wa ziwani mnanielewa: mwezi ukiwa haupo, omena, dagaa wa ziwani, hufuata taa za wavuvi, na asubuhi boti hurudi zimejaa. Mwezi ukiwaka, samaki hutawanyika na akina mama hukaa bure ufuoni. Kwa hiyo asubuhi ile ilikuwa asubuhi ya kazi. Nyavu kuukuu zilikuwa zimetandazwa chini, omena zimemwagwa juu yake, na mama mmoja alikuwa ameinama akizisambaza kwa kiganja, huku akitoa fulu, samaki wengine wadogo, na vipande vya majani kwa vidole, kimoja kimoja, haraka.

Wageni wakateremka na kamera. Mmoja akapiga goti karibu kabisa na uso wa yule mama. Mguu wake mwingine ulikuwa juu ya wavu, juu ya omena. Yule mama akavuta leso begani akajifunika uso. Nami, badala ya kumwondoa mgeni, nikasema, "Mama, usijali, ni wageni tu."

Akasimama, akaniuliza kwa Kijaluo: "Wageni wa nani? Nani amewakaribisha?"

Sikuwa na jibu. Tulikaa robo saa tukaondoka. Hakuna aliyenunua hata kikombe cha chai, maana kila kitu kilikuwa kimelipwa Nairobi.

Alasiri nikarudi peke yangu, aibu ilikataa kuniacha. Nikakuta wingu limeshuka na yule mama anahangaika kukunja nyavu kabla ya mvua. Nikashika upande mmoja. Hatukuwahi zote. Zilizoloa akazitenga pembeni, akanieleza, bila hasira, kwamba hizo haziuziki tena kwa gorogoro, kopo la kupimia, sokoni. Zitakwenda kwa watu wa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Kazi ya usiku mzima ya mvuvi na asubuhi nzima ya mama, imeharibiwa na dakika ishirini za mvua. Mimi mzaliwa wa hapa nilikuwa nimekula omena tangu utotoni na sikuwa nalijua hilo.

Halafu akaniuliza: "Yule aliyekanyaga, anaitwa nani?"

Sikumjua. Nilikuwa na watu kumi na mmoja tangu alfajiri, nimewahesabu kila tulipopanda gari, na sikujua jina la hata mmoja. Swali hilo halijaniacha mpaka leo. Nilidhani nimemkosea mama peke yake. Kumbe na wale wageni nilikuwa nimewakosea.

Baada ya hapo nilikwenda kwa yule mama na wenzake, tukakaa, tukakubaliana. Wageni watakuja alfajiri, wachache, watakaa kwa muda wa saa mbili. Watasalimia kwa lugha ya hapa. Atawaambia jina lake, nao watamwambia majina yao. Anayetaka atashika wavu. Kamera inabaki ndani ya mkoba mpaka yeye mwenyewe aseme. Mgeni mmoja, muuguzi mstaafu, alimaliza asubuhi yote akizungumza na mama kuhusu magoti yanayouma, kila mmoja kwa lugha yake, wakionyeshana kwa mikono wapi panauma. Mwisho mama akaniita: "Sasa tupige picha. Lakini na yeye awemo."

Najua kuna mwenye kampuni hapa anayesema moyoni kwamba mgeni halipii kukaa kitako, analipia kuona. Haya, twende Kit Mikayi. Mgeni anashuka, anaona miamba mikubwa imepandana, anapiga picha, amemaliza. Ameona nini? Jina lenyewe lina maana ya jiwe la mke wa kwanza, na wazee wa pale watakusimulia habari za mzee aliyekuwa akienda kila siku kukaa kwenye ubaridi wa miamba ile, mpaka mkewe akawa anampelekea chakula huko. Akiulizwa mumewe yuko wapi, hujibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Kuna watu pia wanaokwenda pale kusali na kufunga. Sasa mzee hawezi kukusimulia hayo huku dereva anapiga honi. Unachokiita kupoteza muda ndicho hasa ulichokuwa umeahidi kumwuzia mgeni!

Mwingine atasema mwenyeji hataki maongezi, anataka pesa. Anazitaka, na ni haki yake. Yule mama analipwa kwa muda wake, bei inajulikana kabla mgeni hajafika, na fedha inapita kwenye kikundi chao. Ninachokikataa ni mgeni kuchomoa noti mfukoni na kumpa mtoto kwa sababu amecheka vizuri. Kesho yake mtoto huyo haendi shule, anasubiri magari. Mwaka 2002, Cape Town, watu wa utalii walikubaliana kwamba utalii wa kuwajibika unatengeneza mahali pazuri zaidi kwa watu kuishi, na pazuri zaidi kwa watu kutembelea. Angalieni kilichotangulia. Kuishi.

Muda umekwenda, naona mwenyekiti ananiangalia. Nilitaka kusema mengi kuhusu Nakuru. Ziwa lile liko kwenye urithi wa dunia tangu 2011, pamoja na Elementaita na Bogoria. Maji yakapanda, magadi yakapungua makali, chakula cha heroe, yaani flamingo, kikapungua, nao wengi wakahamia Bogoria. Mgeni anafika, anauliza ndege wako wapi, ananuna. Maji yaleyale yaliingia kwenye nyumba za watu mitaa ya kando ya ziwa. Mwongoza watalii wa Nakuru anayejua kusimulia mambo hayo mawili kwa pamoja atampa mgeni kitu ambacho picha ya heroe haiwezi kumpa.

Plastiki: zile chupa za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga tangu Juni 2020, msijifanye hamjui. Viboko: mwenye boti asisukumwe asogee karibu eti kwa sababu ya bahshishi, hasa panapokuwa na ndama. Mafunjo ya Dunga nilikuwa na ukurasa mzima, nauacha.

Wanafunzi, Jumamosi boti zinarudi alfajiri, na mwezi haupo. Nitakuwa Dunga saa kumi na mbili kasoro. Atakayekuja avae viatu visivyoogopa maji, simu aiache mfukoni, na njiani ajizoeze kusema oyawore. Akina mama wameshajua mnakuja. Wanataka kujua majina yenu.