Mikono Isiyoshika Kitu

Wanaonijua wanajua nikipewa kipaza sauti tu nitataja hina. Basi nianze nayo, tusisumbuane.

Kuna kijana aliniuliza, "Mwalimu, hiyo ni sanaa gani, wiki mbili imefutika?" Nikamwambia: na pilau ya harusi, wewe umeiweka kabatini?

Nilikuwa kwenye hina ya binti ya dada yangu, Mji wa Kale, Mombasa. Majani yalitwangwa, yakachekechwa kwa kitambaa, yakakandwa kwa ndimu na kulazwa usiku kucha. Alasiri biharusi yuko mkekani, mito chini ya viwiko, mikono na miguu imejaa hina mbichi. Hawezi kushika kitu. Pua ikamuwasha. "Mama mdogo, nikune!" Nikamkuna. Chai ikaja, nikamnywesha. Nywele zikamwingia machoni, mwingine akazitoa. Saa nne nzima mtoto yule, ambaye hulala na simu, hakuwa na mkono wa kuishikia. Na ndani ya saa hizo nne somo wake, yule mama wa kumfunda, alimwambia mambo ambayo, kina baba mmejaa hapa, sitayarudia. Unadhani angemkamata lini tena? Ile hina ilipobanduliwa ilikuwa ya rangi ya chungwa tu. Wekundu ulikolea kesho yake na kesho kutwa, harusi yenyewe.

Sasa njoo kwenye piko, ile nyeusi. Inachorwa, inakauka, biharusi huyo anaondoka, simu mkononi. Kumlisha nani? Kumkuna nani? Tena piko ni rangi ya nywele, ina kemikali iitwayo PPD. Ulaya wanairuhusu kwenye rangi ya nywele, isizidi asilimia 2, na kuchorea ngozi ni marufuku. Nimeona malengelenge yaliyofuata mchoro ua kwa ua. Mtaniambia bibi zetu nao walichora piko kwa chelewa, njiti ya ukuti. Najua! Nani kawaambia bibi zetu walikuwa malaika?

Desemba 2024 UNESCO iliiandika hina katika urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la nchi 16 za Kiarabu. Oman imo, Yemen imo. Kenya na Tanzania hazimo. Sigombi na walioomba, nagomba na sisi tuliolala.

Nilitaka niwapeleke mbali kidogo. Tamil Nadu, India, wanawake huchora mlangoni alfajiri michoro iitwayo kolam, kwa unga wa mchele. Mchana unga umeliwa na sisimizi, umekanyagwa, kesho wanachora tena. Antigua, Guatemala, Wiki Takatifu watu hukesha wakitandaza barabarani mazulia ya unga wa mbao uliotiwa rangi, kisha maandamano yanapita juu yake. Hakuna anayelia.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa. Michoro ya mchanga ya Watibeti, inayofagiliwa ikishakamilika, basi tena. Lakini wewe binti wa safu ya mbele, kabla hujaondoka, hebu lete huo mkono. Mbona mweusi hivyo?