Subjuntivo ya Kihispania: ile -e ya "uje" unayo tayari mdomoni

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo niko nyumbani, Area D, Dodoma. Ubao uko nyuma yangu, na hapa mezani kuna kichala cha zabibu nilichonunua asubuhi soko la Majengo. Wakati nachagua, niliminya punje moja kwa kidole gumba nione kama imeiva. Mama muuzaji akanishika mkono taratibu: "Usiziminye mwanangu, shika kikonyo." Nasogeza kamera uone. Punje zote zina ukungu mweupe juu ya ganda, kama zimepakwa unga. Hii moja ukungu umefutika, alama ya kidole changu imebaki.

Sasa sikiliza neno la yule mama: usiziminye. Kitenzi ni minya, kinaishia na -a. Hakusema "unaziminya", maana hakuwa anasimulia ninachofanya. Alikuwa anasema asichotaka kitokee, na hapo -a ya mwisho ikageuka -e. Mhispania angemwambia mteja wake hivi: No las aprietes. "Unaminya" ni aprietas, lakini "usiminye" ni no aprietes. Na kwao -a imegeuka -e. Hiyo ndiyo subjuntivo, na wewe umeitumia tangu unajifunza kuongea.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Kozi ya kwanza niliyosoma mtandaoni ilinifundisha kupitia Kiingereza, na Kiingereza cha leo kimebaki na mabaki tu ya umbo hili. Miezi miwili nilikariri majedwali nikiamini ni jambo geni kabisa, wakati kila siku nawaambia watu waje, wakae, wale. Kwa hiyo leo tunapita njia yetu. Chukua daftari.

Hatua ya kwanza: tafuta kitenzi kikiwa na "mimi", wakati uliopo. Hablar, kuzungumza: hablo, ninazungumza. Comer, kula: como, ninakula. Vivir, kuishi: vivo, ninaishi. Ile h ya hablo haitamkwi, sema "ablo".

Hatua ya pili: futa -o. Tazama ubaoni, naifuta. Zimebaki habl-, com-, viv-.

Hatua ya tatu: weka irabu ya upande wa pili. Kitenzi cha -ar kinachukua e, cha -er au -ir kinachukua a. Sisi tunageuza upande mmoja tu, wao wanabadilishana. Soma nami kwa sauti: hable, nizungumze, hables, uzungumze, hable, azungumze, hablemos, tuzungumze, hablen, wazungumze. Hablen hiyo hiyo ni "mzungumze" kwa watu wa Amerika ya Kusini. Huko Hispania, ukiongea na wenzako, "mzungumze" ni habléis. Umeona? Sisi nafsi tunaitanguliza mbele, u-, a-, tu-. Wao wameipeleka nyuma, -s, -mos, -n. Upande wa pili: coma, nile, comas, ule, comamos, tule, coman, wale. Vivir inafuata njia ya comer: viva, vivas, vivamos.

Kwa nini tuanze na "mimi" na si jina la kitenzi? Kwa sababu vitenzi vingi vimeficha herufi pale. Tener, kuwa na kitu, ni tengo, kwa hiyo tenga. Hacer, kufanya: hago, haga. Venir, kuja: vengo, venga. Decir, kusema: digo, diga. Ukianzia kwenye tener utaishia kusema "tena", na hakuna atakayekuelewa. Ila vitenzi kama apretar, kuminya, ambavyo irabu ya ndani inapanuka, e ikawa ie (aprieto), kwenye "sisi" vinarudi vilivyokuwa: apriete, lakini apretemos.

Viko vitenzi sita ambavyo "mimi" yao haiishii na -o ya kawaida, kwa hiyo hatua zetu hazivishiki: soy (ser, kuwa), estoy (estar, kuwa mahali au katika hali), doy (dar, kutoa), voy (ir, kwenda), he (haber, kitenzi kisaidizi), sé (saber, kujua). Hivyo kariri tu: sea, esté, dé, vaya, haya, sepa. Ni sita tu, usiogope.

Na tahajia. Llegar, kufika, inakuwa llegue. Ile u haisomwi, imewekwa ili g ibaki g ya "gari". Buscar, kutafuta, inakuwa busque kwa sababu hiyo hiyo: k isipotee.

Haya, matumizi. Hapa ndipo ninapopenda zaidi. Andika sentensi mbili: Quiero comer, nataka kula. Quiero que comas, nataka ule. Anayetaka na anayekula wakiwa mtu mmoja, kitenzi kinabaki kizima. Wakiwa wawili, kinageuka. Kiswahili na Kihispania vimekubaliana hapo neno kwa neno, isipokuwa kitu kimoja: que. Sisi hatusemi "nataka kwamba ule", kwa hiyo ulimi wetu unapenda kuiruka. Quiero comas ni kosa letu Waswahili, nimelisikia kwa kila niliyemfundisha. Kila ukitaka kumsukumia mtu kitendo, weka que kwanza.

Endelea: Es mejor que descanses, afadhali upumzike. Es necesario que paguemos hoy, lazima tulipe leo. Te llamo para que vengas, nakupigia ili uje. Que Dios te ayude, Mungu akusaidie. Popote penye afadhali, lazima, ili, au dua, sikio lako litakuongoza.

Pako mahali sikio litakudanganya, na hapo naomba utulie nami. "Natumaini utakuja": sisi tunasema utakuja, kama jambo lililopangwa. Wao wanasema Espero que vengas, kwa sababu tumaini bado halijawa tukio. "Sidhani kama atakuja": No creo que venga. Ukikubali, Creo que viene, hakuna kugeuza, maana umelithibitisha. Na "ukifika" au "utakapofika", kwa jambo la mbele, ni cuando llegues. Kiswahili hapo kinatumia -ki- au -po-, hakina -e, kwa hiyo sikio halisaidii. Jiulize: jambo hili limeshakuwa kweli, au bado liko moyoni mwa mtu? Likiwa bado moyoni, geuza.

Neno moja zaidi, ojalá. Tamka j kama kh: "okhalá". Limetoka kwenye Kiarabu, kwa Waarabu walioishi Hispania kwa karne nyingi, na ndani yake limebeba jina la Mwenyezi Mungu kama inshallah yetu. Baada yake ni subjuntivo daima. Hapa kwetu, ifikapo Novemba, shamba limeshasafishwa, jembe liko mlangoni, na kila mtu anatazama mawingu yanayopita bila kudondosha kitu. Mgogo aliyesimama pale shambani, Kihispania chake ni maneno mawili: Ojalá llueva. Mvua inyeshe, jamani.

Sasa sitisha video, tafsiri hizi tatu. Nataka uje Dodoma. Sidhani kama mvua itanyesha leo. Ukifika stesheni, nipigie.

Umemaliza? Quiero que vengas a Dodoma. No creo que llueva hoy. Cuando llegues a la estación, llámame.

Tazama hiyo ya mwisho. "Nipigie" yetu ina -e, lakini llámame imebaki na a. Kumwamuru rafiki afanye jambo hakuhitaji subjuntivo kwao. Kumkataza ndiko kunakoihitaji: no me llames, usinipigie. Iandike kando, kwa kalamu nyekundu, kisha rudi mwanzo utafsiri tena zote tatu bila kutazama ubao.