Nani Ameshika Mpini?

Mwenyekiti, wageni waalikwa, ndugu wafanyabiashara, na nyinyi wanafunzi mliojibana karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka: asanteni kwa kuja.

Nilipoombwa kuzungumzia hatari za kisiasa katika biashara, nilijua baadhi yenu mtakuja mkitarajia habari za vifaru na mapinduzi. Vifaru vipo, na vikitoka kambini biashara hufa. Ila hasara nyingi huja kimyakimya. Ni aya moja ndani ya sheria ya fedha, ni waraka wa wizara, ni leseni ambayo kila ukiifuatilia unaambiwa faili liko kwa mkubwa. Hakuna risasi hata moja iliyolia, na mtaji umekwenda.

Nataka tuangalie kinachotokea kabla ya aya hiyo kuandikwa. Mmesikia kwamba mshika makali hawezi kushindana na mshika mpini. Siku kampuni inapokaa mezani na serikali kujadili mgodi, bomba la mafuta au kituo cha umeme, mpini uko kwa kampuni. Fedha bado ziko benki, na nchi nyingine tatu zinaipigia simu. Serikali inabembeleza: msamaha wa kodi miaka kumi, ardhi bure, forodha nafuu. Mkataba unasainiwa, picha zinapigwa. Kisha zege linamwagwa. Tangu siku hiyo mpini umehama, maana mtambo wa kusafisha mafuta haufungashwi kwenye begi. Profesa Raymond Vernon wa Harvard alilieleza jambo hili mwaka 1971, akaonyesha kwamba mapatano ya namna hii huanza kuchakaa pale tu mtaji unapozama ardhini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kampuni nyingi hufika siku ya tatu zikiwa bado zinasubiri kuandaliwa.

Mfano nitakaokaa nao sana ni wa zamani, na nimeuchagua kwa sababu una pande mbili za kulinganisha.

Kampuni ya mafuta ya Anglo-Iranian ilifanya kazi Iran kwa haki iliyotolewa mwaka 1901. Masharti yalijadiliwa upya mwaka 1933, na muda ukasogezwa hadi 1993. Serikali ya Uingereza ilikuwa na zaidi ya nusu ya hisa. Kule Abadan walijenga mtambo wa kusafisha mafuta uliokuwa mkubwa kuliko wote duniani. Mkataba ulikuwa mtamu mno kwa upande mmoja: ilipofika mwaka 1950, hazina ya Uingereza ilikuwa ikipata kodi kutoka kwa kampuni hiyo kuliko mrabaha ambao Iran yenyewe ililipwa kwa mafuta yake. Wanasheria wa kampuni walikuwa na hoja moja tu, kwamba mkataba ni mkataba. Na kisheria walikuwa na la kusimamia.

Ng'ambo ya pili ya Ghuba, kampuni za Marekani zilizoungana katika Aramco zilikuwa zinachimba Saudi Arabia. Nazo zilikuwa na mkataba halali. Mwaka 1948 Venezuela ilipata mpango wa kugawana faida nusu kwa nusu, na habari kama hiyo haina mpaka. Mfalme wa Saudi Arabia akataka kama huo. Desemba 1950 Aramco wakakubali. Niseme ukweli, ukarimu wao haukuwatoa jasho, kwa kuwa sheria ya Marekani iliwaruhusu kukata kodi waliyolipa Riyadh kutoka kwenye ile waliyodaiwa nyumbani, kwa hiyo sehemu kubwa ya bili ilibebwa na hazina ya Marekani. Lakini walikubali, na walikubali mapema.

Anglo-Iranian ilipoanza kuzungumzia nusu kwa nusu mwanzoni mwa 1951, Tehran ilikwisha kuchemka. Machi mwaka huo bunge likapitisha kutaifishwa kwa mafuta, na Aprili Mohammad Mosaddegh akawa waziri mkuu. Yaliyofuata mnayajua: vikwazo, mahakama ya The Hague, mapinduzi ya Agosti 1953 yaliyopangwa na mashirika ya ujasusi ya Marekani na Uingereza. Watu husema basi kampuni ilishinda. Mwaka 1954 iliporejea, ikiwa na jina jipya la British Petroleum, ilipewa asilimia 40 ya muungano wa makampuni, pale ambapo mwanzo ilikuwa peke yake. Na faida iligawanywa nusu kwa nusu.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Mkataba unaokupendelea kupita kiasi ni hatari ya kisiasa uliyoitengeneza mwenyewe. Wakili wako ataupongeza kama ushindi, na mwanasiasa wa upinzani atausoma jukwaani neno kwa neno. Hahitaji hata kuongeza chumvi.

Kuna anayewaza kwamba haya ni mambo ya nchi zisizo na sheria madhubuti. Hapana. Twende Ujerumani. Mwaka 2010 serikali iliongeza muda wa mitambo ya nyuklia kwa wastani wa miaka 12. Machi 2011 ikatokea ajali ya Fukushima huko Japani, na katika miezi michache serikali ileile, chini ya kansela yuleyule, ikageuka: mitambo minane ikazimwa moja kwa moja na mingine ikapangiwa tarehe. Kampuni zilidai fidia mahakamani. Mapatano yalifikiwa mwaka 2021, miaka kumi baadaye, kwa jumla ya takriban euro bilioni 2.4 kwa kampuni nne. Mmoja wa waliolipwa ni Vattenfall, mali ya serikali ya Sweden, ambayo ilikwisha kupeleka kesi mwaka 2012 kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia kilichoko Washington. Kwa hiyo hata serikali yenyewe ikiwekeza nje inaonja makali.

Hispania inafundisha jambo jingine, na hili liandikeni. Mwaka 2007 serikali iliahidi bei nono kwa umeme wa jua, kwa miaka 25. Lengo lilikuwa takriban megawati 400. Mwaka 2008 peke yake ziliunganishwa zaidi ya megawati 2,000. Nani angelipa? Serikali haikutaka kupandisha ankara za wananchi kiasi hicho, kwa hiyo pengo kati ya gharama na mapato likawa deni, likakua mwaka hadi mwaka. Punguzo la kwanza lilikuja 2010, na 2013 mfumo wote wa bei ile ukafutwa. Wawekezaji walilia kwamba wamevamiwa usiku. Usiku gani? Deni lile lilikuwa likichapishwa hadharani. Walisoma sheria inayowapa haki, hawakusoma vitabu vya anayetakiwa kuwalipa. Ahadi ambayo mtoaji hana uwezo wa kuilipa ni utabiri tu, hata ikipigwa mihuri saba.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi kupima hatari ya nchi fulani, simpeleki kwenye hotuba za wagombea. Nampeleka kwenye bajeti: deni linakuaje, ruzuku zinatoka wapi, sekta gani ina fedha na haina wapiga kura wa kuitetea. Huko ndiko tozo ijayo itakakotua.

Bima? Ipo. Benki ya Dunia ina taasisi iitwayo MIGA, iliyoanzishwa mwaka 1988. Inakinga dhidi ya kutaifishwa, vita na ghasia, kushindwa kuhamisha fedha, na serikali kuvunja mkataba. Someni vizuri lakini. Serikali ikibadilisha sheria kwa nia njema, kwa watu wote bila kubagua, hiyo kwa kawaida haimo ndani ya kinga. Na hiyo ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi.

Kesi za usuluhishi nazo ni silaha, ila ni silaha ya mtu anayeondoka. Repsol, kampuni ya mafuta ya Hispania, ilinyang'anywa na Argentina asilimia 51 ya kampuni ya mafuta ya YPF mwaka 2012. Ilidai zaidi ya dola bilioni 10, na mwaka 2014 ikakubali hati fungani za takriban dola bilioni 5. Vodafone ilishinda kesi ya kodi kwenye Mahakama ya Juu Kabisa ya India Januari 2012, na mwaka huohuo bunge likabadilisha sheria ya kodi na kuifanya ihesabiwe kurudi nyuma hadi 1962. Sheria hiyo ilikuja kufutwa mwaka 2021. Hesabuni miaka.

Njia nyingine inayopendwa, na ambayo mimi naiogopa kuliko zote, ni kutafuta rafiki ikulu. Indonesia ya miaka ya 1990, kampuni za nje za umeme zilichukua ndugu na marafiki wa Rais Suharto kuwa wabia. Bei ziliwekwa kwa dola, nzuri kuliko soko. Mei 1998 Suharto aliondoka baada ya zaidi ya miaka 30, sarafu ikiwa imeporomoka, na wabia wale waliokuwa mlango wakageuka kuwa ushahidi. Mikataba ikajadiliwa upya, bei zikashuka.

Ndugu mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, nadhani anawaza: sisi wadogo hatuna mgodi wala Washington. Kweli. Lakini mdogo ana kitu mkubwa hana, anaweza kuchelewesha zege. Kodi jengo kabla ya kununua. Jenga awamu ya kwanza, uone sheria mbili za fedha zikipita, ndipo uende ya pili. Usitegemee mteja mmoja, hasa kama mteja huyo ni serikali. Na ingia kwenye chama cha wafanyabiashara wakati huna shida, maana anayekuja na malalamiko siku ya kwanza hupewa kiti cha nyuma.

Nimepokea kikaratasi kutoka kwa mama aliyeketi mstari wa tatu. Anauliza: ukigawana vizuri, serikali ikarudi kutaka zaidi, je?

Itarudi, mama. Saudi Arabia ilirudi. Mwaka 1973 ilichukua asilimia 25 ya Aramco, 1974 ikafika 60, na mwaka 1980 ikawa imechukua zote. Ilizilipia. Wataalamu wa Kimarekani waliendelea kufanya kazi palepale, na jina la Saudi Aramco lilikuja mwaka 1988. Wale Waingereza wa mwisho wa Abadan waliondoka Oktoba 1951, wamebeba masanduku yao, wakapakiwa kwenye manowari.