Pasi Nane za Mwaka wa Kwanza: DeVonta Smith Chuoni Alabama

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie kazi ya mpokeaji katika futiboli ya vyuo vya Marekani, na najua wengi humu mchezo huo mmeuona vipande vipande tu, kwenye simu, usiku wa manane. Kwa hiyo kanuni nazipitia haraka. Timu inapewa majaribio manne ya kusonga yadi 10. Ikizipata, inaanza upya. Ikizikosa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Anayerusha ni kwotabeki. Mpokeaji anasimama pembeni kabisa, mara nyingi na beki mmoja usoni pake, na kazi yake ni kumponyoka huyo beki na kudaka.

Sasa, mpokeaji ana shida moja ambayo straika wetu hana. Straika akinyimwa pasi anashuka katikati kuutafuta mpira mwenyewe. Mpokeaji hana ruhusa hiyo. Anakimbia njia aliyochorewa, na mpira ukirushwa upande mwingine, ndio basi, anarudi kujipanga tena. Ndiyo maana takwimu za mpokeaji huwa nazisoma kwa wasiwasi. Zinakuambia alichopewa. Alichokifanya mara nyingi hazikuambii.

Chukueni namba hizi: 8, 42, 68, 117. Hizo ndizo pasi alizodaka DeVonta Smith katika misimu yake minne pale Alabama, kuanzia 2017 hadi 2020. Nane! Ukimleta kijana mwenye pasi nane kwa msimu mzima, shangazi yake atauliza kama alikuwa mgonjwa.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa kwenye foleni. Mwaka 2017 mpokeaji mkuu alikuwa Calvin Ridley, na Smith aliingia chuoni pamoja na Jerry Jeudy na Henry Ruggs. Mwaka uliofuata akaja Jaylen Waddle. Wote wanne baadaye walichaguliwa raundi ya kwanza ya drafti ya NFL, yaani pale timu za ligi ya kulipwa zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu. Kijana kutoka Amite, mji mdogo wa Louisiana wenye watu elfu nne hivi, mwembamba kama alivyokuwa, angepenya wapi hapo?

Alipenya kwa nane zile zile. Mojawapo ilikuwa dhidi ya Mississippi State, Novemba 2017, zikiwa zimebaki sekunde 25 tu, na aliyeirusha ni Jalen Hurts. Hilo jina liwekeni akiba. Nyingine ndiyo iliyompa ubingwa Alabama.

Hiyo ya pili naomba tuitazame taratibu, kwa sababu kazi yote ya mpokeaji imo ndani yake. Ni Januari 8, 2018, Atlanta, fainali dhidi ya Georgia. Mapumziko Alabama wako nyuma 13–0, na kocha Nick Saban anamweka benchi Hurts, anamwingiza kijana wa mwaka wa kwanza, Tua Tagovailoa. Wanasawazisha, 20–20. Muda wa nyongeza, Georgia wanapiga mkwaju wa yadi 51 katikati ya nguzo, pointi tatu, 23–20. Zamu ya Alabama: jaribio la kwanza kabisa, Tua anaangushwa na kupoteza yadi 16. Jaribio la pili, zinahitajika yadi 26. Makocha wengi hapo wanatafuta yadi chache tu ili mpiga mikwaju apate nafasi. Alabama wakaenda moja kwa moja.

Smith yuko kushoto. Anaondoka kwa kasi akiambaa na ukingo wa uwanja. Beki wa pembeni anamwachia apite, kwa sababu anaamini nyuma yake kuna beki wa mwisho wa kumpokea. Lakini Tua ameyapeleka macho yake kulia, na beki wa mwisho akayafuata macho. Ni hatua mbili tatu tu. Anapogeuka, Smith ameshapita na mpira uko hewani. Yadi 41, tachidauni, yaani mpira umefika eneo la mwisho la wapinzani, pointi sita: 26–23, mchezo umekwisha. Kwa usiku mzima, Smith alidaka pasi hiyo moja tu.

Fikirini maana yake. Kwa zaidi ya saa tatu alikimbia njia zake kana kwamba kila moja ni yake, na hakuna aliyemtazama. Angelegea hatua moja kwenye hiyo, kwa kudhani mpira utakwenda kwa wakubwa, beki wa mwisho angewahi.

Mwaka wa pili nitauruka, si kwamba ulikuwa mbaya, ni pasi 42 na tachidauni 6. Mwaka wa tatu, 2019, ndio uliowashtua wenye macho. Magazeti yalikuwa yakiwaimba Jeudy na Ruggs, lakini aliyemaliza na yadi nyingi kuliko wote ni Smith, 1,256. Dhidi ya Ole Miss pekee alipata yadi 274 na tachidauni tano. Jeudy na Ruggs wakaenda kwenye drafti. Smith angeweza kwenda nao. Akarudi darasani.

Uamuzi huo watu waliuona wa ajabu, na kusema kweli ulikuwa na hatari: goti moja likiharibika, mamilioni yamekwenda. Kisha likaja janga la korona, ratiba ikapanguliwa, na Oktoba 2020 Waddle akaumia kifundo cha mguu dhidi ya Tennessee. Kuanzia hapo kila timu ilijua mpira unakwenda kwa nani, na bado haikuweza kumzuia. Pasi 117, yadi 1,856, tachidauni 23. Januari 5, 2021 akapewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mpokeaji wa kwanza kuipata tangu Desmond Howard wa Michigan mwaka 1991. Tuzo hiyo kwa kawaida ni ya makwotabeki.

Siku sita baadaye, fainali na Ohio State. Hapa sifa nyingine zimwendee Steve Sarkisian, aliyekuwa akipanga mashambulizi. Alikataa kumwacha Smith asimame pembeni mahali pamoja. Akamweka ndani, akamtembeza kutoka upande huu hadi ule kabla mpira haujaanza, mpaka mabeki wakachanganyikiwa nani ni wa nani. Tachidauni ya tatu ya Smith ilikuwa ya yadi 42, na aliyekuwa akimfukuza ni mlinzi wa kati, jitu la kugongana na wakimbiaji, si la kukimbizana na mpokeaji. Ukimwona mlinzi wa kati nyuma ya Smith, jua kuna mtu wa ubaoni ameshinda. Hadi mapumziko alikuwa amedaka 12 kwa yadi 215. Robo ya tatu aliteguka kidole akatoka, na haikujalisha: 52–24.

Halafu ikaja mizani. Kabla ya drafti alipimwa, ratili 166, yaani kilo 75. Wataalamu wakaguna: atavunjika huyu. Mimi naona waliangalia mahali pasipo. Mpokeaji mwembamba anaumia akishikwa, na Smith kazi yake ni kutoshikwa. Tazameni miguu yake pale mstari wa kuanzia, beki anaponyoosha mikono kumzuia: kiwiko kinapangua mkono, bega linapita, mguu wa nje umeshatua. Philadelphia Eagles waliliona hilo, wakabadilishana nafasi na Dallas wakamchukua wa 10. Huko akamkuta kwotabeki wake nani? Jalen Hurts, yule aliyewekwa benchi Atlanta. Februari 2025, New Orleans, katika Super Bowl, fainali ya NFL, Hurts alimrushia Smith tachidauni ya yadi 46, na Kansas City wakafungwa 40–22.

Lakini sikuja kuwasimulia hadithi tamu tu. Miaka yote minne Smith alicheza kwa ada, chakula na malazi, kwenye uwanja wa watu laki moja, huku kocha wake akilipwa zaidi ya dola milioni 8 kwa mwaka. Ruhusa ya wachezaji wa vyuo kulipwa kwa jina na sura zao katika matangazo ilianza Julai 1, 2021, miezi michache tu baada ya yeye kuondoka. Tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Na kuhama chuo siku hizi ni rahisi mno. Kijana wa pasi nane leo atapigiwa simu kabla hajafungua mabegi likizoni.

Wazee wa mchezo wanalia kwamba subira imekufa. Mimi siungani nao sana. Kumchezesha kijana bure mbele ya laki moja ilikuwa dhuluma, hata kama tulipiga makofi. Nikiulizwa kama tutamwona tena mpokeaji wa kiwango hicho akikaa chuo kimoja miaka minne, nasema inawezekana, ila safari hii chuo ndicho kitakachombembeleza, na kwa mkataba wa maandishi. Haya, nimekwisha. Leteni maswali.