Hodi ya Bazimamoto

ZAITUNI: Kabla hujafungua hilo daftari, Opio, nina habari ya Jumamosi.

OPIO: Dada Zai, leo ni filamu bora za mwaka. Tano zangu, tano zako, halafu mafunzo matatu kwa vijana wanaoanza kupenda filamu. Tulikubaliana.

ZAITUNI: Ni hayohayo. Nilikwenda Bombo kumjulia hali shangazi. Wakati wa kurudi nikapita kwenye kibanda cha video karibu na steji ya matatu. Shilingi 1,000, benchi za mbao, televisheni moja. Wanaonyesha Sinners, na VJ, yule msimulizi anayeongea juu ya filamu, ameitafsiri kwa Kiganda.

OPIO: Hiyo ndiyo namba moja yangu!

ZAITUNI: Yangu ilikuwa ya nne. Tangu Jumamosi ni ya kwanza. Unawakumbuka wale wanyonya damu? VJ hakuwaita vampaya. Aliwaita bazimamoto.

OPIO: Bazimamoto! Wewe!

ZAITUNI: Kibanda kizima kikanyamaza. Si ndio tuliotishiwa nao utotoni? Kwamba enzi za mkoloni wazimamoto walikuwa wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Nje palikuwa na mzee anauza chapati. Aliposikia neno lile aliacha jiko, akaingia, akasimama pale mlangoni mpaka filamu ikaisha.

OPIO: Na chapati?

ZAITUNI: Ziliungua. Hakuna mteja aliyelalamika, wote walikuwa ndani.

OPIO: Sawa, basi tuanzie hapo. Sinners, ya Ryan Coogler, 2025. Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili, Smoke na Stack. Wanarudi kwao Mississippi mwaka 1932, wanafungua ukumbi wa muziki ili watu wanaoshinda kwenye mashamba ya pamba wapate usiku mmoja wa kupumua. Sasa namba mbili…

ZAITUNI: Ngoja, hujafika mlangoni! Wale hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe. Kiongozi wao anasimama nje, anatabasamu, na VJ anamtolea sauti tamu kabisa: "Koodi!" Benchi zote zikapiga kelele: usiitikie!

OPIO: Hapo amepatia. Hapo nakubali kabisa. Maana sisi hodi haina jibu jingine. Mtu akipiga hodi, karibu inatoka kabla hujajua ni nani. Nilipoiona kwenye sinema ya Acacia, Kampala, niliwaza tu kwamba ni sharti la wanyonya damu, wana masharti yao. Sikuwaza mlango wa mama yangu.

ZAITUNI: Ndiyo hiyo! Adui anakuja na adabu zako mwenyewe. Ukimkatalia umekosa utu, ukimkaribisha umekwisha. Mzee wa chapati alisema kwa sauti, "Hata hao wa zamani walibisha kwanza." Nilisisimkwa mwili mzima.

OPIO: Lakini niulize. Kijana Sammie, yule mwanamuziki wa mle filamuni, alipoimba ukumbini, VJ alifanya nini?

ZAITUNI: Aliongea.

OPIO: Juu ya wimbo?

ZAITUNI: Juu ya wimbo. Wimbo ulipowaita wapiga ngoma wa zamani wakatokea, alisema, "Huyo ni babu yake." Alipotokea mwenye gitaa la umeme akasema, "Huyo ni mjukuu, hajazaliwa bado."

OPIO: Basi hamkuiona, Zai. Samahani. Filamu inafunguka kwa sauti inayosimulia kwamba kuna watu waliojaliwa muziki wa kweli, unaotoboa pazia kati ya walio hai na wafu. Imeshasemwa. Baada ya hapo mwongozaji ananyamaza, anakuachia wimbo. Babu yangu alipiga zeze Tororo, na ukumbini siku ile nilimwona. Kwa macho haya. Mtu angenisemea sikioni "huyo ni babu," nisingemwona.

ZAITUNI: Pole, kaka. Nakuelewa. Ila wewe unakisikia Kiingereza cha Mississippi. Mzee wa chapati hakisikii. Bila VJ, yeye anaona watu wa nguo za ajabu wamevamia sherehe. Kwa sentensi mbili alimwona babu yake na yeye.

OPIO: Aelezwe kabla ya wimbo. Au baada.

ZAITUNI: Kibanda hakina kabla wala baada. Na Nabwana, mwongozaji wetu wa Uganda, je? Who Killed Captain Alex, ya mwaka 2010, imetoka Wakaliga, mtaa wa Kampala, ikapendwa mpaka ng'ambo, na sauti ya VJ Emmie imo mwanzo hadi mwisho. Uitoe, filamu inapungua.

OPIO: Kwa sababu Nabwana alimpa nafasi! Ile ni filamu ya watu wawili. Coogler hakumpa mtu kipaza sauti. Alirekodi picha kwa mikanda ya IMAX, ile ya skrini kubwa mno, akapanga kila mlio wa gitaa…

ZAITUNI: Acacia kuna IMAX?

OPIO: Hakuna.

ZAITUNI: Basi na wewe uliona pungufu.

OPIO: Niliona ndogo. Sikuona iliyosemewa. Hayo ni mambo mawili, na hapo sisogei.

ZAITUNI: Na mimi sisogei. Filamu niliyoiona Bombo ndiyo bora ya mwaka wangu, na jina la VJ naliandika chini ya la Coogler.

OPIO: Mimi siliandiki. Tuna dakika ngapi?

ZAITUNI: Mbili. Mwenye studio ana watu wengine saa kumi.

OPIO: Mungu wangu. Haraka: namba mbili, My Father's Shadow ya Akinola Davies Jr., baba na wanawe wawili siku moja Lagos, uchaguzi wa 1993 unafutwa. Itafuteni, tafadhali. Ya tatu, It Was Just an Accident ya Jafar Panahi, iliyochukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes. Ya nne…

ZAITUNI: Na mafunzo matatu?

OPIO: Hayapo tena. Wiki ijayo labda.

(Mlango unabishwa. Sauti kutoka nje: "Hodi humu ndani!")

ZAITUNI: Opio, usiitikie.

OPIO: Kar… Zai! Imeshatoka nusu!